KITATANGE KATIKA TANGI LA KIOO

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kila mmoja na aweke daftari na kalamu mbele yake, kwa kuwa somo la leo lina hesabu ndani yake. Mwenye kusoma taratibu asione haya, tutakwenda pamoja.

Leo tutazungumza juu ya samaki mdogo wa rangi aitwaye kitatange, na namna ya kumfuga nyumbani katika tangi la kioo lenye maji ya bahari. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi nafuga kuku na mbuzi. Samaki wa pambo wanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini matangi kama haya huonekana mahotelini, katika nyumba za wageni na hata madukani, na anayekabidhiwa kuyatunza mara nyingi si mwenye mali bali ni mfanyakazi wake. Samaki akifa, mfanyakazi ndiye anayeulizwa. Tena wamo kati yenu wavuvi, ambao huombwa na watu wawaletee samaki walio hai. Wote hao yafaa waijue kazi hii kabla ya kuikubali.

NI SAMAKI GANI?

Neno kitatange si geni kwenu. Kwa wavuvi ni jina la samaki bapa, wa rangi nzuri, wakaao katika matumbawe. Katika mazungumzo ya watu, kitatange ni mtu mgomvi, mwenye kutia fitina baina ya wenziwe. Maana hizo mbili haziko mbalimbali sana, na baadaye mtaona sababu yake.

Vitatange wako wa aina nyingi. Wako wakubwa wanaofika sentimita 40, nao hawafai kabisa kuwekwa nyumbani. Sisi tunamsema kitatange kibete. Yule wa bahari yetu ya Afrika Mashariki hazidi sentimita 8, yaani karibu na urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Mwili wake ni wa buluu iliyoiva. Uso wake na mgongo wake ni wa rangi ya chungwa, na mkia wake ni wa manjano hafifu. Wataalamu humwita Centropyge acanthops, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu ni Mwingereza J. R. Norman, mwaka 1922. Samaki huyu hupatikana kutoka Somalia mpaka Afrika Kusini, na katika visiwa vya Komoro, Bukini na Shelisheli. Hukaa katika kina cha mita 8 mpaka 40, mahali penye vipande vya matumbawe na mashimo mengi ya kujifichia.

Mtazameni shavuni. Pana mwiba unaoelekea nyuma. Mwiba huo ndio alama ya ukoo wake, na ndio sababu asishikwe kwa wavu wa mkono ikiwezekana, maana hunasa, akajeruhiwa. Ni bora kumwongoza aingie ndani ya bakuli au kikombe kikubwa, kisha kumwinua pamoja na maji yake.

MAISHA YAKE BAHARINI

Anayetaka kumtunza mnyama hana budi kujua kwanza mnyama huyo aishije mwenyewe. Kitatange kibete hushinda kutwa akidonoa mawe. Mnamjua tafi anavyokula mwani katika mashamba ya Paje na Jambiani. Kitatange naye ni mla mimea ya bahari, lakini yeye hupenda ile midogo sana, iotayo juu ya jiwe mfano wa ukungu, pamoja na vidudu vidogo vilivyomo. Hashibi kwa mlo mmoja mkubwa. Hula kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka magharibi.

Tena ana mtaa wake. Jiwe lake ni nyumba yake, na mwingine wa namna yake akisogea humfukuza. Kwa hiyo ameitwa mgomvi. Lakini ugomvi wake ni wa kulinda chakula chake na mahali pake pa kulala.

Jambo la ajabu ni hili: samaki hawa huanza maisha wakiwa majike. Katika kikundi, yule mkubwa aliyewashinda wenziwe hugeuka akawa dume. Dume huyo akifa au akivuliwa, jike aliye mkubwa kuliko wengine hugeuka akashika nafasi yake, na kugeuka huko huchukua siku nyingi. Basi mvuvi anayemtoa samaki mmoja mkubwa katika jiwe moja hakupunguza samaki mmoja tu. Amewaacha majike bila dume mpaka mmoja wao ageuke.

UKUBWA WA TANGI NA MAHALI PAKE

Sasa chukueni kalamu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 50. Je, litachukua lita ngapi?

Zidisha urefu kwa upana: 90 mara 45 ni 4,050. Zidisha tena kwa kimo: 4,050 mara 50 ni 202,500. Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Basi gawanya kwa 1,000, utapata lita 202 na nusu. Tuseme lita 200. Hicho ni kiasi cha kufaa kwa kitatange kibete mmoja na samaki wengine wachache wapole. Watu wengi hudhani kwamba chombo kidogo ni rahisi kukitunza. Sivyo. Katika maji machache, kosa dogo huwa kubwa upesi, kama vile chumvi iliyozidi katika kikombe cha mchuzi kuliko katika sufuria nzima.

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kwa hiyo maji peke yake yatapita kilo 200, yaani zaidi ya magunia manne ya mchele ya kilo 50, na bado hatujahesabu kioo na mawe. Mkaao Mji Mkongwe mnajua kwamba sakafu nyingi za ghorofani ni za mawe na chokaa, zilizobebwa na boriti za mikoko. Boriti ikioza kichwani, ndani ya ukuta, aliye chumbani haioni. Basi tangi liwekwe chini, si ghorofani, juu ya meza imara isiyoyumba. Lisipigwe na jua la dirishani, kwa kuwa jua huyachemsha maji na kuyafanya ya kijani.

MAWE

Kitatange asiye na pa kujificha huwa na hofu, na mwenye hofu hali. Hapana budi tumjengee mashimo. Lakini msiende mwambani kuvunja matumbawe yaliyo hai. Tumbawe ni mnyama, nalo hukua polepole mno. Yako yanayoongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Kinachovunjwa kwa nyundo dakika moja huenda kilikuwako kabla hujazaliwa.

Mawe ya kufaa yako nchi kavu. Kuta za nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe yaliyotokana na matumbawe ya zamani sana, na mawe ya namna hiyo yako kisiwa kizima. Tafuta yaliyo makavu, yenye vitundu vingi, yasiyoguswa na chokaa, saruji wala rangi. Yasugue kwa brashi, yaoshe bila sabuni, kisha yaloweke katika maji matamu siku kadhaa huku ukibadili maji. Yapange juu ya sakafu ya tangi kabla ya kutia mchanga, yawe imara yasianguke, na kati yake yaachwe mapango na njia za kupita.

MAJI

Katika kila lita ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Tangi letu ni la lita 200. Zidisha 200 kwa 35, utapata gramu 7,000, yaani kilo 7. Lakini usidhani kwamba utanunua kilo 7 za chumvi ya jikoni, ukazikoroga katika maji ya mfereji, ukapata bahari. Chumvi ya jikoni ni kitu kimoja tu, na maji ya bahari yana vitu vingi. Ziko chumvi maalumu za matangi zilizotengenezwa kiwandani. Anayezitumia asome maelezo ya pakiti, na maji ya mfereji yenye dawa ya klorini ayaache wazi siku nzima yakipulizwa hewa kabla ya kuyatumia.

Sisi tuliozungukwa na bahari twaweza kuyateka maji yenyewe, kwa uangalifu. Usiyateke bandarini, wala karibu na mifereji ya maji machafu ya mjini. Nenda ufukwe safi, mbali na vijito, wakati maji yamejaa. Mvua kubwa ya masika ikisha kunyesha, subiri, maana maji ya pwani huwa yamechanganyika na maji ya mvua na uchafu wa nchi kavu. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke katika madumu ambayo hayakupata kuwa na mafuta wala sabuni.

Kipimo cha chumvi huitwa haidrometa. Katika maji matamu kipimo hiki husoma 1.000. Katika maji ya bahari husoma baina ya 1.023 na 1.026. Ulimi wa mtu hauwezi kutambua tofauti hiyo, lakini samaki huitambua. Kipimajoto nacho kiwemo. Joto liwe baina ya digrii 25 na 28.

Mwisho, maji lazima yatembee. Pampu huyasukuma, nayo yakitembea huchukua hewa juu na kuipeleka chini. Maji yaliyolala hayamfai samaki wa mwambani.

SUMU ISIYOONEKANA

Darasa moja la mjini limetuuliza swali hili: "Tangi lilitiwa maji Jumamosi. Jumapili wakatiwa samaki watano. Alhamisi wote walikuwa wamekufa, na maji yalikuwa safi kama ya mtungini. Ni nini kimewaua?"

Kilichowaua, kwa dalili hizo, huenda ni amonia. Samaki anapopumua na anapokwenda haja hutoa sumu hii. Chakula kinachooza nacho huitoa. Haina rangi. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa, na sumu imo tele. Aliyekuwa akiwatunza hakuwapa sumu, wala hakuwanyima chakula. Alipewa tangi ambalo halijawa tayari.

Baharini sumu hii haidumu, kwa sababu maji ni mengi, na tena kuna vijidudu, yaani bakteria, wanaoila. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia ikawa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa pili huigeuza nitriti ikawa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo isipokuwa ikizidi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, katika mchanga na katika chujio. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Lazima wapewe muda wa kuzaana.

Fanya hivi. Panga mawe, tia maji, washa pampu, lakini usitie samaki. Tia kipande kidogo cha kamba mbichi kioze humo, kiwe chakula cha bakteria. Ukiweza kupata jiwe moja au mchanga kidogo kutoka tangi la mwenzako lenye afya, litie pia. Kila baada ya siku mbili pima maji kwa dawa ya kupimia. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka. Halafu nitriti itapanda, nayo itashuka. Zote mbili zikisoma 0, hapo ndipo samaki wa kwanza aweza kuingia. Kazi hii huchukua wiki nne mpaka sita. Hakuna dua ya kuiharakisha, na mwenye tangi akikuhimiza, mwonyeshe kipimo.

Kitatange asiwe wa kwanza. Yeye ataka tangi lililokomaa, la miezi mitatu au zaidi, ambalo mawe yake yameota ukungu wa kijani wa kudonoa.

KUMPATA SAMAKI

Si kila mahali panaruhusiwa kuvuliwa. Mwamba wa Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na kuvua ndani yake ni marufuku. Kwingineko pia usidhani tu kwamba ruhusa ipo. Uliza kwanza kwa maofisa wa uvuvi na kwa kamati ya wavuvi ya mahali hapo. Bahari yaonekana haina mlango, lakini ina wenyewe.

Katika pwani ya Kenya wako wavuvi wafanyao kazi ya kukamata samaki wa pambo kwa nyavu, na samaki hao hupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani. Wavu ndio njia ya haki. Katika nchi nyingine, hasa Ufilipino tangu miaka ya 1960, wako waliotumia sumu ya sayanaidi kuwalevya samaki ili wawashike kwa urahisi. Sumu hiyo huua matumbawe, na samaki mwenyewe huweza kuonekana mzima siku chache kisha akafa mikononi mwa mnunuzi. Utupa wa kienyeji nao hauchagui: huua wadogo pamoja na wakubwa. Mvuvi aliyeombwa samaki hai asikubali kutumia sumu, hata akiongezwa malipo.

Jambo jingine, samaki wa kina kirefu asipandishwe kwa haraka. Ndani yake ana kibofu cha hewa. Akivutwa juu upesi, hewa hiyo hutanuka ikamwumiza viungo vya ndani.

Katika visiwa vya Hawaii, mfugaji Frank Baensch alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwalea vitatange vibete tangu mayai. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu vitoto vyao vina vinywa vidogo mno, na chakula cha kwanza ni vidudu vya bahari visivyoonekana vizuri kwa macho. Samaki aliyezaliwa katika tangi hakuondolewa mwambani. Ukimpata, huyo ni bora.

Ukinunua samaki, mtazame kwanza. Tumbo lisiwe limeingia ndani. Macho yawe maangavu. Asiwe anahema upesi. Mwambie muuzaji ampe chakula mbele yako, na asiyekula mwache alipo.

Ukifika nyumbani usimtupe ndani ya tangi. Kieleze kifuko chake juu ya maji kiasi cha dakika 20, ili joto lilingane. Kisha fungua kifuko, na kila dakika 5 tia kikombe kidogo cha maji ya tangi, kwa muda wa saa moja hivi. Halafu mhamishe samaki peke yake, na maji ya kifuko yamwage nje. Mwenye nafasi na amweke kwanza wiki nne katika chombo cha peke yake, chenye maji ya namna ile ile. Kama ana ugonjwa utaonekana humo, wala hautawapata wengine.

CHAKULA NA JIRANI

Mlishe mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kiasi kidogo kinachomalizika kwa dakika mbili. Mpe mwani laini wa kijani uliooshwa, na kamba au ngisi mbichi aliyekatwa vipande vidogo kama punje za mchele. Chakula cha pakiti kilicho na mwani kinafaa pia. Kilichobaki kitoe, kisioze.

Ama jirani zake, kanuni ni hii: kitatange awe wa mwisho kuingia. Akitangulia, tangi lote atalihesabu kuwa mtaa wake, na kila mgeni atapigwa. Usiweke vitatange wawili katika tangi la lita 200. Wenye matangi makubwa zaidi, wakitaka wawili, huchagua mmoja mkubwa na mmoja mdogo sana, ili mkubwa awe dume na mdogo abaki jike. Wanaolingana hupigana.

DAFTARI LA TANGI

Sasa twaja kwenye jambo ambalo ndilo hasa la darasa letu. Mfuga mbuzi humtazama mbuzi. Mfuga samaki wa bahari hutazama maji kwanza, na maji hayasemi ila kwa nambari. Kwa hiyo kazi hii ni ya mtu ajuaye kusoma na kuandika, na nyinyi mnajua.

Chukua daftari, piga mistari, andika kila siku: siku, joto, chumvi, na kama samaki amekula. Mara moja kwa wiki andika pia amonia, nitriti na nitrati. Ukurasa wako utakuwa hivi:

Jumatatu. Joto 27. Chumvi 1.025. Amekula.
Jumanne. Joto 27. Chumvi 1.025. Amekula.
Jumatano. Joto 28. Chumvi 1.026. Amekula.
Alhamisi. Joto 28. Chumvi 1.027. Amekula kidogo.

Soma kutoka juu kwenda chini. Waona nini? Chumvi inapanda, na siku ya nne samaki ameanza kukataa chakula. Aliyetegemea macho tu angegundua Jumapili, samaki akiwa amelala ubavu. Wewe umegundua Alhamisi.

Mbona chumvi inapanda na hakuna aliyeitia? Kumbukeni anayechemsha maji ya bahari sufuriani: maji huenda zake kwa mvuke, chumvi hubaki. Tuseme tangi lako hupoteza lita 2 kila siku kwa joto. Kwa siku 10 ni lita 20. Zimebaki lita 180, lakini zile gramu 7,000 za chumvi zimo vile vile. Gawanya 7,000 kwa 180, utapata karibu gramu 39 katika kila lita, badala ya 35.

Dawa yake ni kuongeza maji matamu, si maji ya bahari. Wengi hukosea hapa. Maji yakipungua kwa mvuke, rudisha matamu, kila siku kidogo, mpaka alama uliyoichora juu ya kioo. Maji ya bahari hutiwa wakati wa kubadili maji tu: kila wiki mbili toa lita 20, yaani moja ya kumi, pamoja na uchafu wa chini, na urudishe lita 20 mpya zenye chumvi na joto sawasawa.

Daftari hili lina faida nyingine. Siku bwana mkubwa atakapouliza, "Samaki huyu amekufaje?" utamfungulia ukurasa. Nambari zilizoandikwa kila siku kwa mkono wako zitakusemea vizuri kuliko kiapo.

MAADUI WA TANGI

Adui wa kwanza ni dawa ya mbu. Usiipulize katika chumba chenye tangi. Moshi wa udi na ubani nao usifukizwe karibu na pampu ya hewa, maana pampu huvuta iliyoko chumbani na kuipeleka majini. Mkono wenye sabuni au mafuta usiingie ndani ya maji.

Adui wa pili ni haraka ya kutibu. Samaki akitoka madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, ni ugonjwa wa vijidudu, na mtu huweza kushauriwa kutia mrututu. Kweli dawa za shaba hutumika kwa ugonjwa huu, lakini kwa kipimo na katika chombo cha peke yake. Vitatange vibete hudhurika upesi kwa shaba, na ndani ya tangi kuu mrututu huua kaa, konokono na wadudu wengine wote wa mawe. Mhamishe mgonjwa, utafute mjuzi.

Adui wa tatu ni umeme kukatika. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokosa umeme karibu mwezi mzima, Mei mpaka Juni; na tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Tangi lenye samaki wengi halivumilii hata usiku mmoja. Basi weka samaki wachache, na uwe na pampu ndogo ya betri. Usipokuwa nayo, chukua kata safi, chota maji na uyamimine tena kutoka juu, mara kwa mara, ili yapate hewa. Wakati huo usiwalishe. Samaki mzima aweza kukaa siku mbili bila chakula, lakini hawezi kukaa bila hewa.

TUJIULIZE KABLA YA KUANZA

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida yake. Digrii moja au mbili tu zilitosha. Matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Aliyewahi kutunza tangi anaielewa habari hiyo kuliko mwingine, kwa kuwa amekwisha kuona nambari moja ndogo inavyoweza kumwangusha samaki mzima.

Basi kabla ya kukubali kumleta kitatange nyumbani, jiulize mambo matatu. Je, ninaweza kungoja wiki sita na tangi lisilo na samaki? Je, nina mtu wa kunishikia kazi nikisafiri? Je, nitaandika daftari kila siku, hata siku ya sikukuu? Ukijibu "ndiyo" mara tatu, anza. Ukijibu "hapana" hata mara moja, mwache alipo, maana huko baharini anapewa bure yote tuliyoyataja leo. Maji yakipwa vizuri, vaa miwani ya kuzamia, uende umtazame jiweni kwake.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kitatange asishikwe kwa wavu wa mkono?
2. Tangi lina urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Litachukua lita ngapi? Litahitaji kilo ngapi za chumvi?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe ni nini kiliwaua wale samaki watano.
4. Maji ya tangi yamepungua kwa joto. Utaongeza maji matamu au ya bahari? Toa sababu.
5. Piga mistari ya daftari la tangi kwa siku saba. Ukiwa huna tangi, andika joto la chumbani mwako asubuhi na jioni, au kimo cha maji ya mtungi, upate mazoezi.